Akaunti ya Barua Pepe Ikifungwa, Mkulima Ufanye Nini?

Natumaini mpunga umekwisha ingia ghalani na sasa unapumua kidogo. Leo sitasema juu ya mbolea wala juu ya viwavijeshi. Nataka tuzungumze juu ya barua pepe, hasa ile siku unapotaka kuifungua nayo inakukatalia. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba kapotea njia, mambo ya kompyuta yanatuhusu nini sisi watu wa majaruba?" Nakuomba usizime redio. Jambo hili limekwisha ingia shambani, tena bila kubisha hodi.

Kila simu ya kupangusa ya aina ya Android, na ndizo nyingi tulizo nazo huku, ukiiwasha mara ya kwanza inakuomba akaunti ya Google. Akaunti hiyo ndiyo hiyo hiyo barua pepe ya Gmail. Kwa hiyo hata wewe ambaye hujapata kuandika barua pepe hata moja, yawezekana kabisa unayo. Namba za watu ulizohifadhi na picha zako mara nyingi zimewekwa humo. Kijana wako akimaliza kidato cha sita akaomba chuo na mkopo wa masomo, ataulizwa barua pepe, na pengine ataandika ya baba. Kikundi kikitafuta mnunuzi wa mchele, au mkopo wa kununua pawatila, karatasi zitapita huko huko.

Basi mwezi wa sita, wakati ule mashine za kukoboa za hapa Chimala zinanguruma mchana na usiku, alinijia mzee mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana shamba. Nimekuja, mwanangu, lakini si habari ya mpunga. Ni habari ya hiki kidude."

Akatoa simu mfukoni. Simu hiyo aliinunua Mbeya mjini miaka mitatu nyuma. Kijana wa dukani ndiye aliyemfungulia akaunti, akamkabidhi simu ikiwa tayari, mzee akashukuru akaondoka. Tangu siku ile hakuna aliyemwuliza neno la siri, na yeye hakujua kama lipo. Majina ya wanakikundi, picha za stakabadhi, barua za mnunuzi wa mchele wa Dar es Salaam, vyote vilikuwa humo. Kisha simu ikaanza kuwa nzito. Akaipeleka kwa fundi, na fundi akaifuta yote ili iwe nyepesi. Ilipowaka ikasema: weka akaunti iliyokuwa katika simu hii mwanzoni. Hapo ndipo kila mtu alipomtazama mwenzake.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mnunuzi alikwisha piga simu kwamba ametuma mkataba kwa barua pepe, anataka jibu kabla ya Ijumaa, la sivyo atachukua mchele kwingine. Kikundi kilikuwa na magunia yanangoja, na wenye magunia walikuwa na ada za shule zinawangoja. Fundi naye alisema, "Nipe elfu thelathini, mzee, niitoe hiyo Google."

Nikamzuia asitoe hata senti. Nikamwambia, "Mzee, huyu fundi akifaulu, utapata simu tupu. Barua zako hazimo ndani ya simu." Hili watu wengi hawalijui, nami ningependa tulielewe vema kabla ya kwenda mbele.

Fikiri juu ya sanduku la posta. Barua zako zimo ndani ya sanduku, na sanduku liko posta. Wewe una ufunguo tu. Ukipoteza ufunguo, unakwenda kwa bwana posta, anakufahamu, anatazama kitambulisho chako na karatasi ulizojaza siku ya kukodi sanduku, mambo yanakwisha. Barua pepe ni hivyo hivyo, ila posta yenyewe ni mitambo iliyo mbali sana, na bwana posta wake ni mashine. Mashine hiyo haijapata kukuona uso. Haijui kwamba wewe ni mzee wa kanisa au mjumbe wa nyumba kumi. Wala haijui sauti yako. Inajua mambo machache tu: namba ya simu uliyoiandikisha, simu uliyozoea kuitumia, mahali unapozoea kufungulia, na barua pepe nyingine uliyoiweka kama mdhamini. Ukidai kwamba umesahau neno la siri, inauliza hayo hayo. Ukiwa nayo unapita. Usipokuwa nayo, hata ulie machozi, haifungui.

Tena ni haki yake isifungue. Kama ingekuwa inamfungulia kila anayelalamika, mwizi naye angelalamika.

Basi nikamwuliza mzee anwani yenyewe ni ipi. Hakuikumbuka. Hili lisikutishe, ndugu mkulima. Anwani yako wanayo wale uliowahi kuwaandikia. Tulimpigia mnunuzi, akatusomea herufi moja moja. Njia nyingine ni kwenda kwenye ukurasa wa kuingilia Gmail na kubonyeza palipoandikwa kwamba umesahau anwani. Hapo utaulizwa namba ya simu uliyoiandikisha, au ile barua pepe ya mdhamini, pamoja na jina lako kama lilivyoandikwa kwenye akaunti. Angalia sana hapo kwenye jina. Kijana wa dukani huenda aliandika jina la utani, au "Mzee Simu", nani ajuaye.

Nikauliza tena: je, kuna simu nyingine yoyote ambayo akaunti hii iliwahi kufunguliwa? Mzee akawaza, akasema mwaka uliopita simu yake ilipoishiwa chaji aliwahi kusomea barua katika simu ya mjukuu. Nikafurahi kama mtu aliyeona maji yanaingia kwenye banio. Simu ambayo imewahi kuingia katika akaunti ni shahidi mkubwa. Google wenyewe wanashauri mtu atumie simu au kompyuta aliyoizoea, na awe mahali alipozoea, nyumbani au kazini. Ndiyo maana sikumpeleka mzee steshenari ya mjini. Tulikwenda nyumbani kwake, tukakaa chini ya mwembe.

Nataka nikae kidogo juu ya jambo hili la shahidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Kama umesahau neno la siri lakini simu yako bado inafungua barua zako, usiifute, usiitoe akaunti, usimpe fundi. Wewe bado umo ndani ya nyumba, ufunguo tu ndio umepotea. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta palipoandikwa Google, kisha usalama, kisha neno la siri. Litakuuliza neno la zamani. Bonyeza kwamba umelisahau. Mara nyingi simu itakuomba uthibitishe kwa ile ile njia unayofungulia kioo, iwe kidole au namba, kisha itakuruhusu kuandika neno jipya. Kazi ya dakika tano. Mzee wetu angefanya hivyo siku moja kabla ya kwenda kwa fundi, mimi nisingekuwa na kipindi cha leo.

Mjukuu naye alikuwa na makosa yake. Usiku uliotangulia alikaa na wenzake wakibahatisha neno la siri: majina ya wajomba, miaka ya kuzaliwa, majina ya timu za mpira. Mashine ikachoka, ikasema majaribio yamezidi, warudi baadaye. Kubahatisha ovyo kunaifanya mashine iamini kwamba wewe ni mwizi. Ikikwambia ungoje saa kadhaa, ngoja. Hakuna dawa nyingine. Lakini ikikuuliza neno la siri la mwisho unalolikumbuka, jibu, hata kama ni la zamani. Ulilowahi kulitumia kweli husaidia, tofauti na la kubahatisha.

Saa nne asubuhi tukaanza. Katika simu ya mjukuu tukafungua anwani hii, g.co/recover, ambayo ndiyo njia ya Google yenyewe ya kurudisha akaunti. Ni bure, haina malipo ya aina yoyote. Tukaandika anwani ya mzee. Ikatuambia itatuma tarakimu kwenye namba ya simu inayoishia na tarakimu mbili fulani. Mzee akazitazama, akasema, "Hiyo ni laini yangu ya zamani. Nilihama mtandao kwa sababu kule majarubani haushiki."

"Laini hiyo iko wapi, mzee?"

"Iko kwenye kitochi cha mama."

"Mama yuko wapi?"

"Matamba."

Kwa wasioifahamu Chimala, Matamba iko juu ya mlima, ng'ambo ya ile barabara ya kona hamsini na saba inayoparamia ukuta wa mlima kuelekea Kitulo. Mama alikwenda huko kumsaidia binti yake aliyejifungua. Kwa bahati nzuri hatukuhitaji kupanda. Tukampigia, tukamweleza kwamba itaingia meseji yenye tarakimu sita, mbele yake kuna herufi G na kistari. Mama haoni vizuri maandishi madogo, lakini palikuwa na mjukuu mwingine wa darasa la tano.

Ndugu mkulima, usidhani ilikuwa rahisi. Tulibonyeza, meseji haikufika. Tukabonyeza tena, na tena, kwa haraka ya Ijumaa. Huko Matamba simu ilikuwa imefichwa na ukungu au na mtandao, sijui, kisha meseji tatu zikaingia kwa mpigo. Mtoto akasoma ya kwanza, ikakataliwa. Akasoma ya pili, ikakataliwa. Kumbe kila ukiomba tarakimu mpya, za nyuma zinakufa. Bonyeza mara moja, ngoja kwa utulivu, na zikija nyingi soma ya mwisho kuingia. Ile ya tatu ilikubaliwa. Mzee akaandika neno jipya la siri kwa mkono wake mwenyewe, sisi sote tukiwa tumegeuza nyuso kutazama mwembe.

Hapo msikilizaji mwenye akili ataniuliza: "Bwana shamba, si ninyi mnaotuonya kila siku tusimsomee mtu tarakimu kwenye simu?" Ndiyo, na onyo hilo liko pale pale. Tofauti ni nani aliyeanza. Sisi ndio tuliobisha hodi, tarakimu zikaja kwa mke wa mwenye akaunti, akamsomea mumewe ambaye sauti yake anaijua tangu ujana. Lakini zikikujia tarakimu ambazo hukuziomba, maana yake kuna mtu anajaribu mlango wako wakati huo huo. Kisha atakupigia: eti yeye ni wa mtandao wa simu, eti wa Google, eti wa pembejeo za ruzuku, na namba zako zimeingia kwenye simu yako kwa makosa, umsomee. Kata simu. Google haikupigii kukuuliza tarakimu wala neno la siri. Namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, ndiyo namba iliyowekwa hapa nchini kwa kazi hiyo.

Wapo pia wanaojitangaza kwamba wanaweza kurudisha akaunti yoyote kwa ada fulani. Nimekwisha waona wakulima wawili walioliwa fedha kwa njia hii, na mmoja aliwapa pia picha ya kitambulisho chake. Mlango ni ule mmoja niliokutajia, na unaubisha wewe mwenyewe.

Sasa tuzungumze juu ya laini, maana umeona kwamba akaunti ya mzee iliokolewa na kitochi cha mama. Laini ya simu ndiyo mdhamini mkubwa wa barua pepe yako. Ukiibiwa simu, usihangaike kwanza na barua pepe. Piga huduma kwa wateja, namba 100, kwa kutumia laini nyingine ya mtandao ule ule, laini yako ifungwe. Kisha nenda kwa wakala ukairudishe, namba ile ile katika kadi mpya. Utahitaji namba yako ya NIDA na kidole chako. Tangu mwaka 2019 laini zetu zinaandikishwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 zile ambazo hazikuandikishwa zilianza kufungwa. Utaratibu huo uliwachosha watu wengi kwa foleni, nakumbuka, lakini leo ndio unaokuwezesha kudai namba yako na kuipata.

Lakini sikiliza vizuri. Laini iliyoandikishwa kwa jina la shemeji haitarudi kwa kidole chako. Laini ya kijana wa dukani vivyo hivyo. Wako wakulima ambao wamekaa miaka minne na laini ambayo si yao kwa karatasi. Bonyeza *106# katika simu yako, hata kitochi, ufuate maelekezo uone laini gani zimeandikwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini unayoitumia haimo, au ukakuta imo usiyoijua, nenda kwa wakala kabla ya msimu kukushughulisha.

Tena, laini iliyotupwa haikai ikikungoja. Isipotumika kwa muda mrefu mtandao huifunga, na namba yake baadaye anaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Siku hiyo tarakimu zako zitaingia kwa mtu usiyemjua, huko Tabora au Tanga. Kwa hiyo ukitaka kuhama mtandao, badili kwanza namba katika barua pepe yako wakati laini ya zamani ingali hai, ndipo uhame. Si kinyume chake. Ni kama kuhamisha mche: unatayarisha jaruba kwanza, ndipo unang'oa kitaluni. Anayeng'oa kwanza ataona miche inanyauka mkononi.

Mimi mwenyewe nimewahi kunyaukiwa. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha kilimo nilifungua barua pepe katika duka la intaneti, tukilipia kwa nusu saa. Humo niliweka nakala za vyeti na picha za majaribio ya mbegu niliyofanya kwa mwaka mzima. Nikaanza kazi, nikapewa kijiji kisicho na mtandao, nikaiacha. Nilipoikumbuka, miaka ilikuwa imepita na kila kitu kimefutwa, wala hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Google nao walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili yaweza kufutwa, na kazi hiyo ilianza Desemba mwaka huo huo. Zipo kampuni ambazo kwao mwaka mmoja watosha. Fungua barua pepe yako walau mara moja kwa msimu, hata kama huna barua ya kuandika. Jina la Gmail likishafutwa halipatikani tena, si kwako wala kwa mwingine.

Turudi kwa mzee. Neno la siri lilikuwa jipya, lakini simu yake iliyofutwa haikuikubali akaunti siku ile. Baada ya kubadili neno la siri yafaa uache ipite siku nzima ndipo uingie katika simu iliyofutwa, kwa sababu mashine inaogopa kwamba mwizi wa simu ndiye aliyebadili. Mzee hakuwa na subira, alitaka aendelee kuijaribu usiku. Nikaondoka na simu yake, nikailaza ofisini. Barua tulizisoma katika simu ya mjukuu. Mkataba ulikuwemo, pamoja na swali la mnunuzi juu ya unyevu wa mchele na idadi ya chenga, ambalo lilikuwa limekaa siku tisa bila jibu. Alhamisi jioni kikundi kilijibu. Mnunuzi alikubali, ila alichukua magunia pungufu ya yale ya kwanza, kwa kuwa kikundi kingine kilikwisha jaza nafasi. Yaliyobaki yaliuzwa hapa hapa barabarani kwa bei ya barabarani.

Kwa vikundi nina neno la pekee. Akaunti ya kikundi isiwe siri ya katibu peke yake. Katibu akiugua, akihama, au mkigombana naye, mtakuwa mmefungiwa nje ya nyumba yenu. Barua pepe ya mdhamini iwe ya mwenyekiti au mweka hazina. Uongozi ukibadilika, makabidhiano ya akaunti yaandikwe katika muhtasari wa kikao kama mnavyokabidhiana mhuri na daftari la benki, na viongozi wapya wabadili neno la siri na namba ya simu siku hiyo hiyo. Tusione haya juu ya hili. Hata ndugu wa tumbo moja huandikishana wanapogawana shamba.

Na neno lenyewe la siri? Jina la mtoto wako na mwaka aliozaliwa ni neno ambalo kijiji kizima kinalijua. Chukua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe, mathalani pumba, kengele, mwiko, Jumanne. Usichukue hayo niliyoyataja. Yamekwisha tangazwa redioni. Ni refu kwa mwizi na jepesi kwa kichwa chako. Usilitumie neno hilo hilo kwenye mambo mengine, wala namba ya siri ya fedha za simu usiifanye ya barua pepe.

Wataalamu wengine hukataza kabisa kuandika neno la siri kwenye karatasi. Mimi, kwa watu ninaowahudumia, sikatazi. Mwizi wa barua pepe hayuko nyumbani kwako akipekua sanduku la bati. Liandike, uliweke pamoja na karatasi za shamba lako. Usiliweke tu nyuma ya kifuniko cha simu, kwa maana simu ikiibiwa umempa mwizi nyumba pamoja na ufunguo. Na kama akaunti yako umeiwekea ulinzi wa hatua mbili, Google watakupa pia tarakimu za akiba, kumi kwa jumla, kila moja ina namba nane na inatumika mara moja tu. Hizo nazo zinakili hapo hapo. Siku laini itakapokuwa Matamba na mtandao umekufa, ndizo zitakazokufungulia.

Ukisaidiwa steshenari, na hilo si aibu, neno la siri liandike kwa vidole vyako mwenyewe. Hakikisha namba ya simu iliyoandikwa ni yako, si ya kijana anayekusaidia. Ukimaliza, mwambie atoe akaunti yako katika kompyuta yake mbele ya macho yako, na kompyuta ikiuliza kama ihifadhi neno la siri, jibu ni hapana.

Sitaki nikudanganye kwamba kila akaunti inarudi. Kama namba haipo tena, simu haipo, mdhamini hakuwekwa, na umejaribu kwa siku kadhaa kutoka nyumbani bila kufaulu, basi. Fungua nyingine, safari hii kwa namba iliyo kwa jina lako. Kisha fanya ile kazi ambayo watu huisahau: wapelekee habari wote waliokuwa na anwani ya zamani. Nenda benki wakubadilishie, mweleze mnunuzi, waeleze chama cha ushirika, na kama kijana wako aliitumia katika maombi ya chuo au ya mkopo wa masomo, awaandikie mapema kabla hawajamtumia jibu mahali asipoweza kulisoma.

Mzee wetu alirudi Ijumaa kuchukua simu yake. Iliikubali akaunti mara moja. Pale pale ofisini tukabadili namba ya zamani, tukaweka ile anayoitumia sasa, na barua pepe ya binti yake wa Matamba ikawa ya mdhamini. Nikamwambia sasa laini ile ya zamani haina kazi kubwa tena, akitaka anaweza kuiacha. Akacheka, akasema, "Thubutu! Mama ameapa kwamba kitochi hakitoki mkononi mwake. Anasema ndicho kilichouza mchele."

Ndugu mkulima, kwa leo tuishie hapo. Tukijaliwa, katika kipindi kijacho tutarudi majarubani, tuzungumze juu ya kusafisha mifereji kabla ya mvua za kwanza. Kwaheri.